Naomba ushauri: bosi anataka miwani ya uhalisia pepe ya kufundishia vijana wa ghala, na tunahamia jengo jipya Njiro

Binti wa Stoo

Habari za jioni wanajamvi, na wakubwa shikamooni. Naomba mnisaidie, nimebakiza wiki 3 za kutoa jibu.

Nasimamia ghala la pembejeo hapa Arusha, upande wa Unga Limited. Tunauza mbegu za mahindi na maharage, mbolea, viuatilifu na mabomba ya kupulizia. Tuko 14: vijana 9 wa kukusanya oda na kupakia, madereva 2 wa foklifti (mashine ya kuinua na kubeba mizigo), makarani 2 na mimi. Jengo limetuzidi. Ikifika Februari wakulima wanajiandaa na masika, Canter na Fuso zinapanga foleni hadi barabarani, na sisi tuna mlango mmoja tu wa kupakia. Kampuni imepata jengo kubwa zaidi Njiro na tunatakiwa kuhamia kabla ya msimu.

Sasa kuna muuzaji kamletea bosi mapendekezo mawili. La kwanza ni miwani 4 ya uhalisia pepe (VR), ambayo ukiivaa unaona ghala la kubuni kana kwamba uko ndani yake, pamoja na programu ya mafunzo. La pili ni simulesheni ya ghala jipya kwenye kompyuta, ili mpangilio wa shelfu ujaribiwe kabla hatujafunga hata bolti moja. Bosi kaonyeshwa video, kaipenda, akaniambia: "Wewe ndiye unayelijua ghala, niambie tuchukue lipi." Fedha haitoshi vyote viwili.

Mafunzo yananigusa sana. Mwaka jana mwezi Machi dereva mgeni, siku yake ya 4 kazini, alikata kona huku mzigo ameuinua juu. Paleti (jukwaa la kupangia mzigo) ya mbolea ikagonga nguzo ya shelfu, mifuko ya kilo 50 ikamwagika njiani. Kijana aliyekuwa anasoma lebo hatua mbili kutoka pale aliponea chupuchupu, ila kifundo cha mguu kiliteguka akiruka. Nilikuwa mlangoni na kitabu cha kutolea mizigo mkononi. Hadi leo nikisikia kengele ya foklifti ikirudi nyuma, lazima nigeuke.

Je, miwani inamfundisha kweli dereva? Na simulesheni ina faida kwa ghala la ukubwa wetu? Mchoro tulioletewa una mistari 6 ya shelfu, na njia kati yake zina upana wa mita 2.8. Foklifti yetu ni ya dizeli, tani 2.5.

Mkazi wa Sakina

Dada, chukueni miwani. Walmart ya Marekani ilitangaza mwaka 2018 kusambaza zaidi ya miwani 17,000 kwenye maduka yake kwa ajili ya mafunzo. Kampuni kubwa kama ile haiwezi kumwaga fedha bure. Vijana wa sasa ukiwapa kitabu hawasomi, ukiwapa miwani watajifunza.

Usukani Nyuma

Pole sana kwa hiyo ajali, na mshukuru Mungu kijana amebaki mzima.

Nafundisha madereva wa foklifti hapa Moshi, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Mkuu wa Sakina, habari ya Walmart ni kweli, lakini pale walikuwa wanafundisha wauzaji mambo kama kumhudumia mteja na kuhimili msongamano wa siku za punguzo kubwa. Kwa hayo miwani inafaa: mtu anaona hali, anachagua la kufanya, anaelezwa alipokosea. Foklifti inahitaji mikono na makalio. Inageukia magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukikata kona mkia unatupwa nje, na aliyezoea gari dogo atagonga nguzo tu. Ukiinua mzigo, kitovu cha uzito kinapanda na kusogea mbele. Geuka ukiwa umeinua, mashine inalala ubavu. Hisia hiyo huipati ukiwa umesimama ofisini na rimoti mbili mkononi.

Zipo simulesheni zinazofaa zaidi, zenye kiti, usukani na leva kama za mashine. Kampuni ya foklifti ya Raymond ya Marekani ina kifaa kinachochomekwa kwenye foklifti yenyewe ikiwa imesimama, dereva anashika vidhibiti vilevile atakavyotumia kazini huku miwani ikimwonyesha ghala. Hiyo inajenga mkono. Hata hivyo haimalizi kazi, lazima umtoe uwanjani na paleti tupu, kisha yenye mzigo, na mtu mzoefu pembeni.

Dereva wako alikosa siku 10 za uwanjani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kumpa mfanyakazi mafunzo, na kuvaa miwani nusu saa si mafunzo ya kumkabidhi mtu mashine ya tani kadhaa.

Lingine, na hili lisimame peke yake: mita 2.8 haiwezekani! Foklifti ya kawaida ya tani 2.5, yenye uzito nyuma na uma mbele, ikibeba paleti ya mita 1.2 inahitaji karibu mita 4 ili igeuke na kuingia kwenye shelfu. Mita 2.8 ni njia ya foklifti za umeme zinazosukuma uma mbele, nazo zinataka sakafu laini iliyonyooka. Muulize aliyechora alikuwa anafikiria mashine ipi.

Binti wa Stoo

Mkuu, mwili umenisisimka. Hakuna aliyeniuliza aina ya foklifti, hata mara moja. Nimechukua futi na kupima njia zetu za sasa: mita 3.9. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ziko hivyo.

Hesabu za Foleni

Dada, mimi nafanya kazi hizi za mifano ya kompyuta. Kati ya vile viwili ningechukua simulesheni, ila si leo, na pengine si kwa huyo muuzaji.

Chukua mlango wako. Tuseme kupakia Canter kunachukua wastani wa dakika 40 na gari linafika kila dakika 50. Kwa akili ya kawaida mlango unatosha, una dakika 10 za kupumua. Lakini magari hayaji kwa saa ya ukutani. Yanakuja matatu kwa pamoja, halafu kimya. Upakiaji nao haulingani, mmoja anachukua mifuko 20 na mwingine 200. Ukipiga hesabu ya foleni yenye mabadiliko ya namna hiyo, kwa muda mrefu kila gari litasubiri wastani wa dakika 160 kabla halijaguswa. Sasa punguza upakiaji hadi dakika 30 bila kuongeza mlango: kusubiri kunashuka hadi dakika 45. Umepunguza robo ya kazi, foleni imepungua zaidi ya theluthi mbili. Jambo hili jicho halilioni, na hapo ndipo simulesheni inapokuwa na thamani. Unaiendesha mara 200 kwa siku za kubuni, unatazama siku mbaya zinafika wapi, usitazame wastani peke yake.

Lakini mfano wa kompyuta unakula unachoulisha. Kama muuzaji hajaja kusimama mlangoni kwako na saa, ile video ni katuni. Muulize dakika za kupakia kazitoa wapi.

Anza na daftari. Wiki mbili, andika kila gari: limefika saa ngapi, limeanza kupakiwa saa ngapi, limetoka saa ngapi, limebeba nini. Msimu haujafika, kwa hiyo vuta na vitabu vya kutolea mizigo vya Februari na Machi uone magari yalikuwa mangapi kwa siku. Halafu kwenye vitabu hivyohivyo hesabu kila bidhaa imetajwa kwenye oda ngapi. Usihesabu tani, hesabu mara ilizoguswa. Kwenye maghala mengi sehemu kubwa ya muda wa mkusanya oda inaishia kwenye kutembea, kwa hiyo bidhaa inayoguswa zaidi ndiyo ikae karibu na mlango.

Programu za bure zipo. JaamSim unapanga kwa kuburuta vitu kwenye skrini, SimPy ni ya anayejua kuandika programu kwa lugha ya kompyuta ya Python. Ongea na Arusha Technical College, au Chuo Kikuu cha Ushirika pale Moshi wanakofundisha ununuzi na ugavi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayetafuta mada ya mradi atakushukuru.

Na uifunge kompyuta mikono kwenye jambo moja: viuatilifu visisogezwe karibu na mbegu hata kama hesabu inasema ndiko kwenye njia fupi.

Mzee wa Godauni

Marahaba wanangu. Nimetunza magodauni ya kahawa Moshi miaka mingi, hizo programu zilikuwa hazijaja. Tulipohamia jengo jipya tulichora shelfu zote sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi. Tukawapa wabebaji oda za jana, tukawaambia tembeeni kama mnakusanya. Saa mbili tu zilitosha kujua kwamba mlango wa ofisi unafungukia palepale magunia yanapopita. Mchoraji hakuliona hilo. Mbebaji alilijua kwa bega.

Binti, jengo la Njiro bado tupu. Waingize hao vijana 9 kabla hujaweka shelfu, na foklifti ipite ndani ya mistari ya chaki na paleti tupu. Wasikilize hasa wale wasiosema kikaoni.

Hesabu za Foleni

Mzee, shikamoo. Hiyo ndiyo simulesheni yenyewe, na kwa upana wa njia inaishinda ya kwangu. Foleni ya mlangoni tu ndiyo chaki haiwezi, kwa sababu huwezi kuiishi Februari nzima kwa siku moja.

Binti wa Stoo

Narudi kutoa mrejesho, siku 9 za daftari.

Mbegu za mahindi za kilo 2 ndizo zinazoguswa kuliko kitu chochote, na ziko mwisho kabisa wa ghala, hatua 84 kutoka mlangoni. Nimemuuliza karani mkongwe sababu. Akasema siku tunahamia hapa ndizo zilizoshushwa kwanza, zikasukumwa hadi ukutani, basi zikabaki huko. Mabomba ya kupulizia, tunayouza machache kwa wiki, yako mlangoni.

Cha pili, magari hayachelewi kwenye kubeba. Kati ya dakika 43 za wastani, 15 zinapotea dereva akisubiri karani aandike hati baada ya mzigo kuwa tayari. Leo tumejaribu kuandika hati wakati vijana wanakusanya. Gari la kwanza limetoka kwa dakika 29.

Bosi nimemweleza habari ya mita 2.8, kampigia mchoraji nikiwa palepale. Mchoro unarudiwa. Miwani tumeiweka kando, na nimeomba fedha ile igawanywe: madereva wote wawili waende uwanjani, na mwanafunzi alipwe posho atengeneze mfano wa mlango mmoja na wa milango miwili.

Usukani Nyuma, nimekutumia ujumbe wa ndani kuhusu ratiba yako ya Moshi. Mzee, Jumamosi saa 3 asubuhi tunachora Njiro, chaki nimeshanunua boksi 2. Sakafu ile ina vumbi jingi la saruji, naomba unielekeze mlifanyaje mistari isifutike.

Mzee wa Godauni

Mwagia maji jioni ya Ijumaa, fagia, acha ikauke usiku. Asubuhi usitumie chaki ya ubao, tafuta chokaa, uikoroge nzito na upake kwa brashi ya inchi 2.