Matapeli wa kukagua dohani huku Marekani watakuja kuua mtu

Wakuu nina hasira, niacheni niandike. Huku Ohio baridi ndo inaingia, nyumba nyingi za zamani zina meko ya kuotea moto wa kuni sebuleni na dohani ya matofali inayotoa moshi juu ya paa, na kila msimu huu yanaanza yale matangazo ya "tunasafisha na kukagua kwa dola 79 tu". Mke wangu akawaita. Wakaja jamaa wawili, mmoja kasukuma brashi kwa chini kidogo, mwenzake yuko nje anaongea na simu, ngazi yao imefungwa juu ya gari haikushushwa kabisa. Halafu ananiletea picha kwenye simu eti bomba la ndani limepasuka, tukiwasha moto usiku gesi inaingia vyumbani na watoto hawaamki, tusaini sasa hivi dola 5,800 na nusu ilipwe leo leo. Anayasema hayo mbele ya watoto, binti yangu mdogo akaanza kulia!

Naiangalia ile picha, bomba la duara. La kwetu ni la vigae vya udongo, pembe nne, ukiinama pale kwenye meko na tochi unaliona. Namuuliza hii ni nyumba ya nani, ananifokea eti mimi najua nini. Nikawatoa nje.

Sasa kinachoniuma sio hiyo hela maana sikuwapa. Nikamtafuta mzee mmoja mwenye cheti cha CSIA, taasisi ya Marekani ya usalama wa dohani, akapanda juu, akashusha kamera mpaka chini na mimi naangalia kwenye skrini: vigae vizima kabisa, ila kule juu kumeganda kreosoti nyeusi inang'aa kama lami, na kofia ya dohani wavu umeng'oka, majani yamejaa. Yaani hatari ya kweli ilikuwepo na wale washenzi waliiacha pale pale wakaenda kutunga ya uongo, na kwenye risiti yao wameandika IMESAFISHWA!!

Kreosoti inatokana na moshi wa kuni, hasa kuni ambazo hazijakauka, ukipoa humo ndani unaganda. Ikishika moto joto linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, vigae vinapasuka na moto unahamia kwenye mbao za nyumba. Ikishafika hatua ya kung'aa hivyo brashi ya kawaida haiitoi. Na dohani ikiziba majani, gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi inarudi ndani, haina harufu wala rangi, sisi tuliokulia na jiko la mkaa tunazijua habari za watu waliolala nalo chumbani. King'ora cha gesi hiyo kiwepo karibu na vyumba vya kulala, hilo halina mjadala.

Na hawa wanatamba kwa sababu majimbo mengi hayana leseni maalumu ya kazi hii, mtu akiwa na brashi na gari tayari ni mkaguzi. Kanuni ya NFPA 211, ya chama cha Marekani cha kujikinga na moto, inataka dohani ikaguliwe kila mwaka na ina ngazi 3 za ukaguzi. Ya kwanza ni ya kawaida, ya pili inahusisha kamera na ndio unayotakiwa kudai ukinunua nyumba au dohani ikishawahi kushika moto, ya tatu mpaka wabomoe sehemu. Muulize fundi anafanya ngazi gani kabla hajaja, akibabaika achana naye. Akikuambia imepasuka mwambie akuonyeshe kwa kamera hapo hapo, sio picha ya kwenye simu yake. Na kama kuna mtu ameshasainishwa nyumbani kwake, mikataba mingi ya namna hiyo FTC, mamlaka ya serikali ya kulinda wateja, inakupa siku 3 za kazi kuivunja, wahi.

Malalamiko nimeshapeleka kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na risiti yao nimeambatanisha. Walioko Columbus na Dayton, kama wamepita kwenu pia andikeni hapa walisema nini na waliwadai ngapi.