Doti za kaboni zinafifia hata kwenye maji ya kisima yasiyo na zebaki, nichunguze nini?

NdimuNaYurea: Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa mwisho kemia, kwetu Geita. Mradi wangu ni kupima zebaki kwenye maji. Nimepika doti za kaboni (chembe ndogo mno zinazong'aa zikimulikwa) kwa maji ya ndimu na yurea, oveni nyuzi 180. Ukizimulika na ile tochi ya kukagulia noti bandia zinawaka buluu safi. Nikiongeza zebaki kwenye maji yaliyokenekwa, mwanga unafifia taratibu, grafu imenyooka. Tofauti naanza kuiona kwenye mikromola 1. Nikapima kisima kilicho jirani na karasha (mashine ya kusagia mawe ya dhahabu), mwanga ukashuka nusu. Nikashangilia! Halafu nikapima cha bibi, mbali na mwalo wowote wa kuoshea dhahabu, ukashuka zaidi. Msimamizi anasema tu "chunguza". Sampuli nilibeba kwa chupa za maji za dukani.

BiMaabara: Mdogo wangu, bibi kakuokoa kabla ya siku ya kutetea. Muulize: maji yake yakilala kwenye ndoo yanaacha kutu chini? Kama ndiyo, mtuhumiwa ni chuma. Doti za ndimu zimejaa makundi ya kaboksili, yanayoshika metali, na chuma chenye chaji tatu kinazizima vizuri tu. Chuja maji, yagawe mara mbili, nusu moja tia sodiamu floraidi kidogo. Floraidi hukishika chuma na zebaki huiacha karibu ilivyo. Kama nusu hiyo haififii tena, ulikuwa unapima kutu.

Kinachonisumbua zaidi ni hiyo mikromola 1. Kwa zebaki ni takriban mikrogramu 200 kwa lita. WHO kwa maji ya kunywa wanaweka 6. Yaani maji yaliyozidi kiwango mara 30 yatapita mbele ya tochi yako yakionekana salama! Hapo hata chuma ukikiondoa, kazi bado.

Mimi binafsi kwa maji ya kijijini siamini kitu kinachopima kwa kuzimika. Giza lina sababu nyingi: tope, rangi ya majani yaliyooza, asidi. Tafuta kinachowaka. Mwaka 2005 wakemia wa Korea Kusini walitumia rodamini, rangi ya kung'aa, ambayo molekuli yake imefungwa pete, hivyo haina rangi wala mwanga. Zebaki ikija inang'oa salfa, pete inafunguka, inawaka. Inatumika mara moja tu, hairudi, lakini ukiona mwanga una cha kueleza.

Na hizo chupa achana nazo. Zebaki kidogo namna hiyo hunata kwenye plastiki na nyingine hutoroka. Chukua ya kioo iliyooshwa kwa asidi, sampuli itie asidi ya nitriki palepale kisimani. Ukifika maabara irudishe pH kwa bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) kwanza, la sivyo asidi yenyewe itabadilisha mwanga. Grafu nayo ichore upya kwa kuongeza zebaki unayoijua kwenye maji ya bibi, siyo kwenye yaliyokenekwa.

Marudio77: Wasomi nawasalimu. Mimi ni wa karasha. Kijana, zebaki ni nzito, tunakamatishia dhahabu kwenye karai, inayoponyoka inakwenda na marudio (mabaki ya mchanga uliooshwa). Nyingine tunaichoma, inapaa na moshi, tunaivuta sisi na wake zetu. Wewe unaitafuta kisimani! Nenda dimbwi la kuoshea, chota tope la chini.

BiMaabara: Kaka umenena. Ila @NdimuNaYurea, tope usilimulike hivihivi. Kitone cha zebaki ya metali hakigusi hizi doti, zinaona ioni tu, yaani zebaki iliyoyeyuka yenye chaji. Lichemshe kwanza kwa asidi, ndani ya chemba ya moshi (kabati la kufyonza mvuke), na mtu mzoefu awepo.

NdimuNaYurea: Nimempigia bibi. Anasema ndoo inabaki nyekundu na chai inakuwa nyeusi, ameshazoea. 😂 Floraidi ipo stoo ya idara. Naitia kabla ya doti au baada?

BiMaabara: Kabla. Na vaa glavu, hiyo nayo ni sumu.