Zumari ya mfuko iliyotumika: ya Glasgow, ya Sialkot au vipande vipande?

Kombo_Muscat: Wakuu, natafuta zumari ya mfuko ya Uskoti, ya mtumba. Nimebakiwa na matangazo matatu. La kwanza: mabomba ya begani (yale yanayovuma) yasiyo na nembo, pete za manjano kama pembe, chanta (bomba la kuchezea kwa vidole) ina muhuri wa karakana ya Henderson, Glasgow. La pili: seti nyeusi tii, "mpingo halisi wa Uskoti", bei robo ya ile. La tatu: vipande mchanganyiko, bei ya kutupa.

Zumari68: Muhuri wa chanta usikuzuge. Chanta huchakaa na hubadilishwa, na mafundi wengi wa zamani hawakupiga jina kwenye mabomba ya begani. Muhuri unasema habari za chanta tu. Linganisha umbo la pete, pamoja na michirizi iliyochongwa kwenye mti, na seti za Henderson zinazojulikana. Kila karakana ilikuwa na mkono wake.

FundiMtwara: Hiyo ya pili, mwambie muuzaji achomoe bomba, afungue uzi kwenye kiungio, apige picha mti mtupu. Mpingo ni mweusi wenye uzambarau au ukahawia hadi ndani ya tundu, tena mzito. Kama ni mti wa shishamu uliopakwa rangi, chini ya uzi utaona kahawia iliyopauka.

Kombo_Muscat: Kaleta picha. Kahawia tupu!

FundiMtwara: Sialkot hiyo, Pakistani. Kutoka Sialkot si kosa, kosa ni kuipachika Uskoti.

Zumari68: Vipande navyo viache. Bomba la besi lina vipande vitatu, mabomba mawili ya tenor (yenye sauti ya juu kuliko besi) yana viwili viwili. Ukipata idadi kamili bado matundu ya ndani hayalingani, utahangaika kuzipatanisha sauti.

BintiBandari: Kabla hujalipia ya kwanza, hakikisha zile pete. Pembe ya tembo ikikatwa, ukingoni huonyesha mistari inayokatizana kama wavu. Seluloidi, plastiki ya zamani ya kuigiza pembe, ina mistari sambamba au haina kabisa, na ukiisugua ikapata joto hunuka kafuri. Uingereza imebana biashara ya pembe tangu Juni 2022. Ala iliyotengenezwa kabla ya 1975 huuzwa ikisajiliwa tu, na pembe isizidi asilimia 20. Kuivusha mpaka kunataka vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mpingo wenyewe hauna shida, ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo 2019.

Kombo_Muscat: Asante dada. Nimemwomba picha ya ukingo wa pete na cheti cha usajili. Kasoma, kimya.

Zumari68: Akiendelea kunyamaza, usimwongezee hata senti.