Mjadala: Intaneti ya "bila kikomo" inayoshushwa kasi kabla ya mwezi kuisha, ni halali kuuzwa kwa jina hilo?

Mleta mada, Tabata

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linagusa mifuko yetu.

Jumamosi iliyopita nilikodi filamu mtandaoni. Masharti ya kukodi mnayajua: kwa kawaida una siku 30 za kuianza, na ukishabonyeza tu unahesabiwa masaa 48. Yakiisha, filamu inafungwa hata kama hujafika nusu. Nilichukua ya HD nikaongeza hela kidogo, kwa sababu mama alikuwa amekuja kutoka Korogwe na macho yake hayashiki vizuri picha hafifu. Tukatandika mkeka, watoto wakamzunguka bibi yao, saa mbili na nusu usiku tukaanza.

Dakika ya 20 hivi picha ikaanza kuvurugika. Nyuso zikawa mabaka ya rangi, kisha kile kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya skrini. Nikazima ruta, nikawasha. Wapi. Ndipo ukaingia ujumbe kwenye simu: umefikia kiwango cha matumizi ya haki, kasi yako imeshushwa hadi Mbps 1 mpaka mwisho wa mwezi. Ilikuwa tarehe 19. Mama akasema, "Basi mwanangu, zima tu," akaenda kulala.

Kifurushi nilichonunua kinaitwa "bila kikomo", Mbps 10, yaani megabiti 10 kwa sekunde.

Tupige hesabu. HD ya 1080p inataka kama Mbps 5, hicho ndicho kiwango ambacho Netflix wanawashauri wateja wao, na 4K wanasema Mbps 15. Mbps 5 kwa saa mbili ni GB 4.5. Ukiwa na Mbps 1, hizo GB 4.5 zinashuka kwa masaa 10, tena iwe hakuna mwingine nyumbani anayegusa simu. (Wengi wetu tunadhani Mbps 10 ni MB 10 kwa sekunde. Sivyo. MB ni megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa kwa 8, unapata MB 1.25. Hapo peke yake watu wengi wanaumia bila kujua.)

Hoja yangu ni hii. Ukienda kujaza mafuta, pampu imebandikwa stika ya Wakala wa Vipimo. Mzani wa muuza nyama Buguruni unatakiwa kukaguliwa. Intaneti ya nyumbani tunailipia kabla ya kuitumia, na mzani anao muuzaji peke yake. Kikomo kikiwepo, kiandikwe palepale penye bei, kwa herufi zilezile za bei. Na neno "bila kikomo" liondoke. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Mimi sioni upotoshaji mkubwa kuliko huu.

Fundi wa faiba, Sinza

Mkuu, pole, na shikamoo kwa mama. Ila upande wa pili nao usikilizwe.

Laini ya faiba haiji kwako peke yako. Kutoka kituoni inagawanywa, mara nyingi kwa nyumba 32 au hata 64. Kuna mteja anashusha filamu usiku na mchana, anauzia na majirani wanne kwa Wi-Fi. Asipobanwa, ninyi wengine mnalia. Halafu kuna nyaya za baharini zinazotuletea intaneti kutoka nje. Uwezo wa kule unanunuliwa kwa fedha nyingi. Mnakumbuka Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, nchi nzima ilivyosimama? Ukitaka Mbps 10 zisizoguswa mwezi mzima, hiyo ni huduma ya maofisini na bei yake huiwezi. Kikomo kinatusaidia wote kulipa kidogo.

Mkazi wa Mbagala

Kaka, mimi nakuunga mkono, lakini jueni huku kwetu faiba haijafika. Muvi tunajaziwa kwenye flashi pale stendi, au tunaunguza bando la simu. Msipiganie HD ya Tabata mkatusahau. Hata bando letu linaandikwa spidi ambayo jioni hatuioni.

Mleta mada, Tabata

Dada wa Mbagala, umesema kweli, na nisamehe kwa kuanza na ya kwangu. Spidi ya bando la simu nayo iingie kwenye mjadala huu.

Fundi, nashukuru, umenifundisha. Anayeuzia majirani abanwe, sina tatizo. Ila nijibu mawili. Faiba mnayotumia, ile ya GPON (laini moja kugawiwa nyumba nyingi), inabeba kama Gbps 2.5 kushuka. Gawa kwa nyumba 64, kila moja inabaki na Mbps 39 hata wote wakiwasha kwa pamoja. Mimi nimenunua 10. Kwa hiyo tatizo haliko mtaani kwetu.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Kama sababu ni msongamano, kwa nini saa tisa usiku, mji mzima umelala, bado niko kwenye Mbps 1? Niliamka nikapima: 0.9. Hapo hakuna jirani ninayembana. Kumpunguza mtu saa za msongamano naelewa. Kumpunguza siku 11 mfululizo, usiku na mchana, ni kumlazimisha anunue kifurushi kikubwa. Wangeniachia usiku tu, ningeishusha ile filamu nimelala na mama angeiangalia asubuhi kabla ya kwenda Stendi ya Magufuli kupanda basi.

Na hili la kuandika ukweli linawezekana. Uingereza, tangu Mei 2018, kampuni ikitangaza kasi ya nyumbani inatakiwa iwe kasi ambayo angalau nusu ya wateja wanaipata saa za msongamano, yaani saa mbili hadi saa nne usiku. Marekani, tangu Aprili 2024, kampuni kubwa zinalazimika kuweka lebo yenye bei, kasi na kiasi cha data. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, wana mamlaka ya kudai hivyohivyo hapa.

Naandaa barua kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Barua ya mtu mmoja ni malalamiko ya mtu mmoja, kwa hiyo naomba msaada wenu. Kwa siku saba, pima kasi yako saa tatu usiku na saa tisa usiku. Andika tarehe, mtaa, kasi uliyolipia, kasi uliyoipata, na kama umeshatumiwa ule ujumbe wa matumizi ya haki. Wa bando la simu pia mpime. Fundi, kama uko tayari, nisaidie kuzipanga namba hizo.

Fundi wa faiba, Sinza

Niko tayari. Lakini pimeni kwa waya, ruta ya Wi-Fi nyuma ya kuta mbili inadanganya. Hilo la saa tisa usiku sina jibu lake.