Binti kapandishwa basi kurudi Singida, mwenye baa kafungua baa kama kawaida

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Kuna binti wa miaka 15 alitoroka kwao Singida, akashukia Stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar, na kabegi kamoja. Mama mmoja akamdaka palepale: njoo nikupe kazi za ndani. Kazi za ndani zikageuka kuhudumia baa mtaani kwetu. Analala stoo, kagodoro kamebanwa na makreti ya bia. Mshahara "utapewa kwa mkupuo", na mteja mwenye hela akimtaka, anaambiwa asilete ushamba. Mtaa mzima unajua.

Alipougua ndipo jirani akamkokota polisi, hadi Dawati la Jinsia na Watoto. Mwenye baa kakamatwa asubuhi, jioni yuko kaunta anahesabu mauzo. Binti ndiye aliyehojiwa kama mwizi: kwa nini ulitoroka, kijijini ulikuwa na bwana, mbona hukupiga kelele? Kisha watu wakachangishana nauli, wakampakia kwenye basi, na wanapongezana eti mtoto karudi kwa wazazi.

Mmempakia shahidi, jamani! Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 2006 kwamba kwenye kesi ya kubaka, ushahidi bora ni wa mwathirika mwenyewe. Sasa kesi ikiitwa, nani atapanda kizimba cha mashahidi? Itaahirishwa weee mpaka ifutwe. Na tayari baba mtu anapigiwa simu huko Singida, "mzee, tuyamalize kifamilia". Mnajua wenyewe huwa yanamalizwa kwa shilingi ngapi.

Na asije mtu hapa na "alikubali mwenyewe". Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 haijali ridhaa ya mtoto, wala ya mzazi wake. 2022 wakaifanyia marekebisho, ule mwanya wa kulipa faini ukaepuka jela ukazibwa. Wale wateja nao, kubaka ni miaka 30, na kwa binti wa umri ule hakuna cha kusema alitaka. Hakuna hata mmoja aliyeitwa kuandika maelezo. Wengine jana walikuwa palepale wanakula nyama choma.

Wanasheria mliomo humu: jalada likidoda kituoni namna hii, naweza kwenda moja kwa moja ofisi ya mashtaka ya wilaya, au lazima nianzie kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya? Na binti anaweza kuchukuliwa maelezo hukohuko Singida kabla baba hajapokea hizo hela?