Mjadala: Tamthilia ya Kikorea ikipendwa, iachwe iishe au iongezewe msimu wa pili?

Wadau wa tamthilia za Kikorea, leo naomba tubishane kwa hoja. Kila kazi nzuri inapomalizika, haipiti wiki utasikia watu wanadai msimu wa pili. Mimi nasema hadithi iliyoandikwa iishe, iachwe iishe. Msimamo wangu ndio huo, asiyekubali ajue pa kunishikia.

Kwanza tuelewane maneno, maana huku kwetu sizoni ni tamthilia nzima. Mtu akikwambia anayo sizoni ya Jumong, ana maana ya episodi zote 81. Leo nikisema msimu wa pili, nazungumzia hadithi iliyokwisha kufungwa halafu ikafunguliwa tena.

Na kwa kuwa nimeitaja Jumong, msije mkadhani natetea ufupi. Mimi nilianzia hapo. Mwigizaji Song Il-gook anaingia akiwa mwana wa mfalme asiyejua hata kushika upinde, mwoga, anayechekwa na ndugu zake ndani ya kasri la Buyeo. Unamfuata mpaka anakuwa mtu wa kusimamisha dola ya Goguryeo. Episodi 81, kituo cha televisheni cha MBC cha Korea, 2006 hadi 2007, na safari ilipofika ilikokuwa inakwenda, wakafunga. Urefu haukunichosha hata siku moja kwa sababu nilijua tunakwenda mahali.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tamthilia nyingi za Kikorea huandikwa na mtu mmoja, au wawili, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwandishi anapojua mwisho wake, na mwigizaji anajua apime wapi pumzi zake. Tazameni When Life Gives You Tangerines ya 2025. Mume, Gwan-sik, anachezwa na Park Bo-gum ujanani na Park Hae-joon uzeeni, watu wawili wasiofanana hata kidogo kwa sura. Lakini ule ukimya wa mwanaume anayependa kwa mikono kuliko kwa mdomo haukatiki popote. Park Hae-joon huyu huyu ndiye tuliyemchukia kwenye The World of the Married mwaka 2020, yule mume msaliti! Halafu mwigizaji IU anamcheza mke wa Gwan-sik akiwa kijana, kisha anamcheza binti wa mke huyo huyo, na hutawachanganya. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kama hadithi imeachwa wazi ili kusubiri watazamaji watasemaje. Ilikuwa na episodi 16, zikatoka nne nne kwa wiki nne, kila fungu na msimu wake wa mwaka, toka machipuko hadi baridi. Misimu minne ndani ya tamthilia moja, mwaka mzima wa maisha ya watu wa kisiwa cha Jeju ukatimia. Mnataka kuongeza nini pale?

Sasa tuje kwenye Squid Game, ile ya watu wenye madeni wanaocheza michezo ya watoto kwa pesa nyingi, na anayeshindwa anauawa, maana najua ndiyo itakayowasha moto. Msimu wa kwanza, 2021, episodi 9. Gi-hun ni mcheza kamari anayemwibia mama yake mwenyewe, mtu wa kuchekesha na kuudhi kwa pamoja. Lee Jung-jae alimbeba hivyo hivyo na udhaifu wake wote, na mwaka 2022 akachukua Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji bora wa kiume wa tamthilia, Mwasia wa kwanza kuipata. Mwishoni anaelekea kwenye ndege, anageuka, anarudi kuwakabili wenye mchezo. Kwangu ule ulikuwa mwisho kamili. Hukuhitaji kuona alikokwenda, ulihitaji kujua tu kwamba hawezi tena kuishi kama hakuona.

Ikaja Desemba 2024 na episodi 7, zikakatika katikati ya uasi wa wachezaji, halafu Juni 2025 zikaja 6 za kumalizia. Ile ilikuwa hadithi moja, wakaipasua vipande viwili. Na Gi-hun tuliyempenda hakurudi. Alirudi mtu mmoja mzito, mwenye uso wa aina moja kuanzia asubuhi mpaka usiku. Simlaumu Lee Jung-jae, alicheza alichoandikiwa. Nyuso zilizonishika kwenye awamu hizo ni za wahusika wapya, na hilo lenyewe linasema kitu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayonisumbua kweli, na sitaikwepa. Hwang Dong-hyuk, aliyeiandika na kuiongoza, alisema wazi kwamba msimu wa kwanza haukumpa pesa nyingi licha ya dunia nzima kuutazama, na kwamba pesa ilikuwa sehemu ya sababu ya kurudi. Huyu ni mtu aliyeng'oka meno kwa msongo wa kazi wakati wa kuurekodi. Kwa hiyo mtu akiniambia msimu wa pili ndiyo njia pekee ya msanii kula jasho lake, namwelewa. Lakini basi tudai alipwe kwa kile cha kwanza! Haiwi haki mtu anyimwe chake kwenye kazi iliyofanikiwa, kisha aambiwe akitaka kukipata airudie.

Mtanitajia Stranger, ya 2017 na 2020. Nakubali, Cho Seung-woo na Bae Doona walirudi na mwandishi yule yule, kesi mpya, na ikasimama. Hospital Playlist nayo ilipangwa kuwa ya misimu tangu mwanzo, madaktari watano na wagonjwa wapya kila wiki, pale hakuna kilichofunguliwa kwa nguvu. Kazi za polisi na hospitali zinabeba. Ila hebu jibuni na hili: Arthdal Chronicles iliporudi 2023, Song Joong-ki na Kim Ji-won hawakuwemo, nafasi zao wakachukua Lee Joon-gi na Shin Se-kyung. Lee Joon-gi ni fundi, sina neno naye. Lakini umeishi episodi 18 na sura moja, unaambiwa sasa huyu ndiye yule. Mimi moyo wangu uligoma kabisa.

Wanaosema episodi 16 zina maji mengi, kuanzia ya 11 hivi wapenzi wanaachana bila sababu na lori linatokea kusikojulikana kumgonga steringi, hao nawaunga mkono. Punguzeni ziwe 12. Hata kupasua si dhambi kama imeandikwa nzima. The Glory ilitoka nane Desemba 2022 na nane Machi 2023, na kisasi cha Song Hye-kyo hakikupoa hata kidogo, kwa sababu mwandishi wake, Kim Eun-sook, alijua tangu mwanzo nani ataangukia wapi.

Kwa hiyo swali langu nawaelekezea hasa ninyi mnaodai msimu wa pili wa Crash Landing on You, na mko wengi. Wapenzi wake, Kapteni Ri wa Korea Kaskazini na Se-ri wa Korea Kusini, tuliwaacha Uswisi, wanapata wiki mbili kwa mwaka za kuwa pamoja, basi. Wiki hizo mbili zinauma na zinapendeza kwa sababu mpaka bado upo, na nje ya tamthilia pia upo. Mwandishi akirudi, ama auondoe mpaka kwa uongo, ama awanyang'anye hata hizo wiki mbili. Ninyi mngechagua lipi?