Kampeni za ujaji Marekani: mwenye barua kaadhibiwa, wenye mamilioni wanapeta

Wakuu, nimekereka, nisipolitoa hapa nitapasuka.

Niko Wisconsin nabeba boksi. Huku majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo wanapigiwa kura kama madiwani. Kuelekea Aprili 1, 2025 tulikoma. Ukiwasha TV ni matangazo yao, sanduku la barua limejaa vipeperushi, simu hailali. Kiti KIMOJA cha ujaji kilikula zaidi ya dola milioni 100!

Mgombea mmoja, Brad Schimel, alibebwa na bilionea Elon Musk na makundi yake kwa zaidi ya dola milioni 20. Jamaa akaja mwenyewe Green Bay na kofia ya jibini kichwani, akagawia wapiga kura hundi mbili za dola milioni moja moja. Mbele ya kamera! Na bado Schimel akapigwa gepu la kama asilimia 10 na mpinzani wake Susan Crawford. (Crawford naye si mtoto wa mkulima kwenye hili. Mabilionea Soros na Pritzker walimwaga zao kupitia chama cha Democratic.)

Wala kushindwa kwake hakunihusu. Kinachonichefua ni hiki: mwaka 2009 kule Florida, Lanell Williams-Yulee, mgombea ujaji wa kaunti, alituma barua ya kuomba michango, kaisaini mwenyewe. Haikumletea hata senti. Kura za mchujo akaangukia pua. Mngedhani yameisha? Chama cha mawakili cha Florida kikamshtaki kwa maadili ya uwakili, eti mgombea ujaji haruhusiwi kuomba hela yeye mwenyewe. Karipio la hadharani, juu yake gharama za kesi dola 1,860. Akapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, 2015 akagongwa 5 kwa 4.

Sasa cheka au lia: sheria hiyohiyo inaruhusu kamati ya kampeni ya mgombea imuombee, halafu yeye amwandikie mchangiaji barua ya asante! Kuomba kosa, kushukuru ruksa. Usanii mtupu.

Nyumbani Rais anateua majaji na tunanung'unika kila siku, lakini sijawahi kukuta sura ya jaji kwenye kipeperushi mlangoni kwangu.

Wanasheria mliopo humu, nielezeni ile barua iliyoambulia sifuri ilichafua nini ambacho hundi za Green Bay hazikuchafua. Na asije mtu na "uhuru wa kujieleza". Huyo mama naye alijitetea kwa huohuo.